Valvu ya kupumua ya rezervuari ya esansi: musiweke mbele ya kuona hii

Bandugu mambo, karibu tena kwa sheni, leo salamu mufupi juu hii kitu iko mkononi imenifurahisha sana. Ni valvu ya kupumua, ile inaacha hewa iingie na mvuke utoke, inawekwa juu ya rezervuari kama umetoa ya kiwanda ukaweka ingine ndani ya kofa, vile vijana wa hapa Bukavu wanapenda kufanya kwa zile motoka za Toyota Mark II. Mambo ya ekru na saizi munajua, tupite.

Muangalie. Ni mupya, haijaguswa na esansi, njo maana naipuliza na mdomo. Imesimama wima: fuuu, hewa inapita. Sasa naigeuza kichwa chini, musikie... tak! Gololi ya ndani imeziba, napuliza mpaka mashavu yanauma, hakuna kitu. Tena: tak! Motoka ikipinduka esansi haimwagiki kwa tundu la hewa. Na hii iko na kipande cha uzito kinasukuma gololi, zile za bei ya chini gololi ni peke yake tena nyepesi, nimetikisa moja hapa inachelewa kuziba, mimi siwezi iweka kwa motoka yangu.

Lakini musiitegemee kwa kila kitu. Ukipaki kwa mteremko wa Kadutu na rezervuari imejaa, motoka imeinama tu, haijapinduka, gololi haitaziba, esansi itatafuta njia. Hapo kazi ni ya tiyo: itoke kwa valvu, ipande juu kupita rezervuari, izunguke, njo ishuke nje chini ya motoka, mbali na eshapama. Tena musijaze mpaka mdomoni, lita 60 zikitoka digrii 20 zikafika 35 zinaongezeka karibu lita 0.85, na hiyo itaenda wapi?

Sasa kile kinaniudhi kweli, mafundi wanaachilia tiyo ndani ya kofa eti ni harufu tu! Mvuke wa esansi ni mzito mara tatu kupita hewa ama zaidi, haupande, unalala chini ya kofa pale pale waya za taa na batri ziko, cheche moja inatosha. Wengine wanaziba tundu kabisa na ekru, kisha wanashangaa pompi inavuta, hewa haiingii, rezervuari inakunjamana na motari inakata kwa mupando, mteja anaambiwa pompi ni mbovu anunue ingine.

Bei, najua mutauliza kwa komanteri: dola 40 na usafiri kutoka Dubai, ni ghali, lakini nitanunua ingine. Kama motoka yako ingali na kile kikopo cha makaa cha kiwanda usikitupe, kinashika mvuke, video yake napandisha Jumamosi, mujiabone. Na kwa kufunga valvu, isimame wima kabisa, ikilala ubavu gololi haifanyi kazi yake.