Famasi moja, viwango viwili: tathmini ya duka la dawa la mtaani kwetu Temeke

Famasi ninayoizungumzia ipo Temeke, Dar es Salaam, katika mtaa ambao maduka ya dawa yamefuatana karibu kila baada ya nyumba chache. Sitaitaja jina, kwa kuwa ninayo ya kuisifu na ninayo ya kuilaumu. Familia yetu hununua dawa hapo kwa sababu ya mama, ambaye anatumia insulini, na sijui dawa nyingine inayoumbua duka haraka kama hiyo. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ikipigwa na joto kali hupungua nguvu, na ikiganda huwa imeharibika, hata kama baadaye itayeyuka na kuonekana kama kawaida.

Friji ya duka hili ni ya dawa peke yake, na humkuti muuzaji amehifadhi humo soda wala chakula chake cha mchana. Ndani kuna kipimajoto, na pembeni limefungwa daftari ambalo joto huandikwa asubuhi na jioni, likiwa na saini ya aliyepima. Vichupa vimewekwa mbali na ukuta wa nyuma, mahali ambapo ubaridi huzidi. Umeme ukikatika, jambo ambalo mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa, jenereta huihudumia friji kwanza, na feni za wateja zinasubiri. Mfamasia humkabidhi mama dawa katika kimfuko chenye barafu, kichupa kikiwa kimeviringishwa karatasi nene ili kisigusane nayo, kisha humkumbusha kuandika tarehe ya kukifungua, kwa kuwa kichupa kilichofunguliwa kwa kawaida hutumika kwa takribani wiki 4 tu.

Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni maswali. Kabla ya kugusa kabati, mfamasia huyo huanza na "Shikamoo mama, tangu tulipoonana umeandikiwa dawa nyingine yoyote?" Kijana aliyekuja kununua diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo aliulizwa mbele yangu kama ana vidonda vya tumbo, ambavyo dawa hiyo huweza kuvizidisha, akakiri kwamba anavyo, akapewa parasetamoli na ushauri wa kwenda kituo cha afya. Duka lilipoteza fedha kidogo hapo, na mimi nilizidi kuliamini. Mzazi anayechukua amoksilini ya unga ya mtoto huchanganyiwa hapohapo kwa maji safi yaliyopimwa, chupa ikaandikwa siku ya kumwagwa, na hupewa bomba la kupimia kwa mililita, maana vijiko vya jikoni havilingani ujazo.

Ubora huo wote, kwa bahati mbaya, huondoka na mfamasia jioni. Usiku hubaki vijana wawili ambao ni wepisi wa kuhudumia na wagumu wa kuuliza. Jirani yangu aliyekutwa na malaria alipewa dawa mseto ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa "4x2", basi. Hakuna aliyemweleza kwamba dozi ya pili humezwa baada ya muda wa saa 8 tangu ile ya kwanza, kwamba zinazofuata humezwa asubuhi na jioni hadi siku 3 zitimie, wala kwamba inafaa kula chakula chenye mafuta kidogo ili dawa ifyonzwe vizuri. Nimeshuhudia pia stripu ya antibaiotiki ikikatwa kwa mkasi ili mteja apate nusu dozi inayolingana na fedha aliyokuwa nayo. Upande uliobaki na mteja haukuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi wala namba ya toleo, yaani ya kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja. Toleo hilo likitakiwa kurudishwa kesho, hatakuwa na namna ya kujua kwamba linamhusu. Cheti cha daktari hakikuulizwa, ilhali tangazo la kuonya juu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa limebandikwa ukutani nyuma ya muuzaji huyohuyo.

Kibali cha Baraza la Famasi kimetundikwa mahali panapoonekana, lakini kibali hicho ni cha duka zima na saa zake zote, si cha zamu ya mchana. Nilimweleza mwenye duka haya yote. Alinisikiliza kwa adabu, akasema kuajiri mtaalamu wa pili ni gharama. Sina shaka kwamba ni gharama, ila duka linalomudu kufungua hadi saa 5 usiku limeshachagua kupata mapato ya saa hizo, na ingekuwa haki libebe na wajibu wake, au lifunge mapema.

Bei zake ziko juu kidogo kuliko za majirani, na kwa huduma ya mchana nazilipa bila kinyongo. Mwenye mgonjwa wa kisukari, mjamzito au mtoto mdogo aende kabla jua halijazama na amuulizie mfamasia mwenyewe. Atakayelazimika kwenda usiku adai stripu nzima, asome tarehe akiwa bado dirishani, na asiondoke mpaka aandikiwe saa za kumeza.