Skana ya mkononi kwa mabamba yaliyoundwa bila kalibu: nunua, lakini usiiachie kazi yote

Kwa anayeunda mabamba bila kalibu kwa mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, skana ya mkononi ya mwanga inastahili nafasi karakanani. Umbo lote inalisoma kwa dakika chache, tena kwa ukamilifu ambao geji ya pini, yaani kipimo chenye safu ya pini zinazofuata umbo, haiufikii. Ina kasoro mbili tu, ila ni kubwa: unene wa bamba haiujui, na programu yake huficha kosa lile lile unalolitafuta.

Kazi yenyewe ni hivi. Bamba hubanwa kingo zote, kisha kijiti chenye ncha ya duara, mara nyingi cha milimita 10, hulisukuma kikizunguka na kushuka milimita 0.2 hadi 1 kila mzunguko. Kwa kuwa chini hakuna kalibu ya kulishikilia, bamba hujirudi mara tatu: ncha inapopita, klampu zinapofunguliwa, na kingo zinapokatwa. Mkengeuko wa milimita 2 au 3 ni jambo la kawaida, na kazi nyingi za viwandani zinataka usizidi 0.5. Basi kagua mara tatu: likiwa bado limebanwa, likishafunguliwa, na likishakatwa. Ukikagua mwishoni tu, utaona kosa usijue limeingia hatua gani.

Hapa skana inang'ara. Inaonyesha vizuri tumbo la kitako, yaani sehemu bapa ya chini inayovimba kurudi juu, na pia mkunjo wa ziada karibu na fremu pale ambapo bamba halikuwekewa sahani ya kuliegemeza. Geji ya pini huonyesha mstari mmoja tu, na kwenye kuta zenye mwinuko mkali pini zake huteleza. Bado ni nzuri kwa kuangalia haraka kosa la milimita moja kwenda juu. Chini ya hapo usiiamini.

Tatizo linaanzia kwenye kulinganisha. Ukibonyeza kitufe cha kulinganisha kiotomatiki, programu hugeuza na kusogeza umbo lililosomwa hadi likae karibu iwezekanavyo na mchoro. Kosa la milimita 2 upande mmoja linaweza kugawanywa likaonekana 1 huku na 1 kule, na ramani ya rangi ya mkengeuko, ambayo kijani chake humaanisha hakuna kosa, ikapendeza bure. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuunda, toboa matundu mawili au matatu kwenye ukingo, nje ya eneo la kazi, au bandika alama kwenye fremu, kisha ulinganishe kwa hizo. Matundu ya ukingo hutumika hadi kabla ya kukata tu. Baada ya hapo chagua sehemu ya umbo unayojua haikusogea, na uiandike kwenye ripoti.

Alumini inayong'aa inahitaji kupuliziwa unga mweupe. Pulizia tabaka jembamba lisilotiririka. Likijikusanya kwenye kona, skana italisoma kama chuma. Bamba lenye moto nalo lisubiri lipoe, kwa sababu alumini ya milimita 500 yenye joto la digrii 20 zaidi ya chumba huwa imerefuka takriban milimita 0.23.

Unene ndio unaopasua kazi, na hesabu yake ni nyepesi: unene wa awali zidisha kwa kosaini ya pembe ya ukuta kutoka ulalo. Bamba la milimita 1 kwenye ukuta wa digrii 60 hubaki na 0.5. Kusoma pande zote mbili kwa skana na kutoa haitoshi, maana makosa ya pande mbili hujumlishana juu ya chuma kilichobaki nusu. Tumia maikromita yenye ncha ya duara, au chora duara za milimita 5 kwenye bamba kabla ya kuanza. Kwenye ukuta huo wa digrii 60, duara itarefuka hadi karibu milimita 10 kuelekea chini huku upana ukibaki pale pale. Ikizidi hapo katika sehemu moja, bamba linakonda hapo kama shingo na ufa u njiani, hata kama ramani ya skana ni kijani tupu.

Faida ya mwisho ya skana, na kwetu ndiyo inayolipa gharama, ni kusahihisha njia ya ncha. Ukuta ukipungukiwa milimita 1.2, sogeza njia kuelekea upande wa upungufu kwa sehemu ya kiasi hicho, unda bamba jingine, usome tena. Usisogeze yote kwa pigo moja. Na kila unaposahihisha, hesabu upya pembe: kwa bamba la milimita 1, ukuta wa digrii 65 uliosukumwa hadi 68 umeshuka kutoka milimita 0.42 hadi 0.37 za unene, na pengine bamba hilo halitaimaliza safari.