Uzoefu wangu wa kudai fidia ya bima baada ya dhoruba kuezua paa

Dhoruba iliyopiga usiku iling'oa mabati manne ya upande wa nyuma wa nyumba yangu na kulegeza kofia ya paa, na kabla hakujapambazuka maji yalikuwa yamekwisha kulowesha dari ya vyumba viwili. Asubuhi hiyo hiyo niliipigia simu kampuni ya bima, nikapewa namba ya dai na kuagizwa nizuie uharibifu usiendelee, nipige picha, na nisitupe chochote kilichoharibika. Nilifanya hivyo, na kwa kuwa nilitunza risiti, gharama za turubai na za fundi wa dharura nilirudishiwa zote. Mhudumu aliyepokea simu yangu anastahili shukrani.

Tatizo lilianza alipofika mkadiria hasara, yaani mtu anayetumwa na kampuni kukagua uharibifu. Alisimama uani, akalitazama paa kutoka chini kwa dakika chache, akaondoka. Wiki mbili baadaye nikapokea barua iliyodai kwamba sehemu kubwa ya uharibifu ilitokana na uchakavu wa kawaida, ambao bima ya nyumba hailipii. Iliniuma, kwa sababu mtu huyo hakuomba hata ngazi.

Nilimwita fundi tukapanda pamoja darini, na huko tukaona yale ambayo kutoka uani yasingeonekana kamwe. Papi moja, yaani mbao inayopigiliwa mabati, ilikuwa imepasuka kwa urefu, na ndani ya mpasuko mbao ilikuwa bado nyeupe, bila vumbi wala ukungu. Misumari iliyochomoka ilikuwa imepinda yote kuelekea upande mmoja, na haikuwa na kutu. Mbao iliyochakaa kwa miaka haiwi hivyo; huwa nyeusi na humeguka kwa kidole. Tulipiga picha za karibu, nikaziambatanisha na makadirio ya fundi pamoja na picha za zamani za paa nilizopiga lilipofanyiwa matengenezo, kisha nikaandika barua ya kuomba dai lipitiwe upya.

Mkadiria wa pili alipanda mwenyewe, akamsikiliza fundi wangu, akaishika ile papi kwa mkono, na dai likakubaliwa.

Malipo yalikuja kwa mafungu mawili: kwanza thamani ya paa baada ya kutoa kiasi ilichopungua kwa sababu ya umri wake, na kile kiasi ambacho mkataba unanitaka nijilipie mwenyewe, kisha kile kilichokatwa kwa sababu ya umri nilipowasilisha risiti za ukarabati uliokamilika. Utaratibu huo umeandikwa katika mkataba, lakini hakuna aliyenieleza, na fungu la kwanza lilipoingia niliamini kwamba nimepunjwa. Hapo nailaumu kampuni waziwazi, kwa kuwa sentensi moja kwenye barua ingetosha kuniondolea hofu hiyo.

Bima nimeihuisha, kwa sababu hatimaye walilipa walichopaswa kulipa. Hata hivyo, familia yangu iliishi chini ya turubai kwa wiki saba, na nyingi kati ya hizo zilipotea kwa sababu ya ukaguzi wa kwanza uliofanywa bila kupanda juu.