Fundi aliyegongelea upya manjanja (mabati) ya nyumba yangu Majengo

Nyumba yetu iko Majengo, hapa Goma. Ni ya mbao, imesimama juu ya mawe ya volkano, vyumba vitatu na kiduka cha unga mbele. Mwaka jana mwezi wa kumi magunia mawili ya unga wa muhogo yaliloa usiku mmoja, na mabati hayakuwa na tundu lolote zaidi ya yale ya misumari.

Fundi wa kwanza, ambaye simtaji, alikuwa amegongelea kwenye mifereji ya bati, yaani mabonde kati ya migongo yake. Pale bati limelalia papi (mbao za kulibeba), msumari unaingia upesi na mkono hauchoki. Lakini maji ya mvua yanapita humo humo, kwa hiyo kila msumari ukawa kilango. Raba hakununua. Alikata kandambili za zamani akapachika vipande chini ya misumari ya kawaida, jua likavikausha vikapasuka. Halafu Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka na ardhi kutetemeka siku nyingi mfululizo, misumari mingi ililegea. Tangu hapo nikawa natega sufuria kila mvua ikinyesha.

Huyu mpya aliletwa na shangazi yangu. Alipanda juu kabla ya kutaja bei, na hilo nililipenda. Akashuka na msumari mmoja, akauweka kiganjani mwangu: “Mama, angalia shingo yake.” Chini ya kichwa ulikuwa umeliwa, umebaki mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Moshi wa ule mlima ukichanganyika na mvua, maji yanakuwa na asidi, na sisi tunaoishi chini yake tunajua namna chuma kinavyolika mapema. Alinieleza kuwa kutu hupenda kuanzia pale msumari ulipotoboa bati, ndiyo maana raba nzima si kitu cha kubania pesa.

Alitaka kilo tano za misumari ya bati, ile yenye kofia pana na raba yake, pamoja na mabati sita mapya ya BG 28 (ndiyo namba ya unene). Dukani walitaka kutupa BG 32 kwa sababu ni ya bei nafuu. Akayagonga kwa kidole, akayarudisha: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikatuletea mzigo hadi mlangoni.

Kazi yenyewe niliitazama kutoka kwenye ngazi ya jirani, kwa sababu fundi huyu hana ngazi yake (hilo alirekebishe). Kwanza alivuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, juu kabisa ya kila papi, ili msumari usikose mbao. Bati moja lililalia jingine kwa mgongo mmoja na nusu, na alianza upande ambao mvua haitokei, ili upepo usiingize maji kwenye maungio. Kila msumari aliuweka juu ya mgongo, umesimama wima. Pigo la kwanza dogo, la pili la nguvu, kisha vipigo vyepesi huku akiinama kuiangalia raba. Alinishika kidole akanigusisha: raba imebanwa, haizunguki, lakini haijapondwa ikatoka nje ya kofia. Pembeni yake kulikuwa na msumari ambao kijana wake alikuwa ameupiga kupita kiasi, mgongo wa bati ukabonyea kama kisahani. Hapo maji yangetuama. Aliung’oa, akiweka kipande cha ubao chini ya nyundo ili asiharibu zaidi, akaziba tundu kwa lami, akapiga mwingine pembeni.

Ukingoni, ambapo upepo wa ziwa unapenda kunyanyua mabati, aliweka misumari karibu karibu, mgongo mmoja ndiyo, mmoja hapana. Katikati aliachanisha zaidi. Jioni alifagia paa lote, kwa sababu vumbi la chuma na misumari iliyosahaulika juu vikipata mvua vinaota kutu na kulichafua bati jipya.

Nilimlipa dola 70 na chakula cha mchana siku tatu. Zilipaswa kuwa mbili. Siku ya kwanza alifika saa nne wakati tulikubaliana saa moja, na mimi nilikuwa nimefunga duka kwa ajili yake. Sikulipenda, nikamwambia, akaomba radhi. Mifereji ya kupeleka maji kwenye tanki haifanyi, utatafuta mtu mwingine.

Mvua kubwa imeshanyesha mara nne. Niliamka usiku ule wa kwanza, nikapitisha mkono juu ya magunia yote kumi na moja, moja baada ya jingine. Makavu. Bado kuna tone kwenye kofia ya paa upande wa choo, nimemwonyesha, amesema atarudi Jumamosi. Misumari iliyobaki nimeifunga ndani ya kopo la maziwa, inamsubiri.