Kukata karibu wanga wote au kubakiza kiasi kwa ajili ya mazoezi?

Njia ya kwanza ni wanga chini ya gramu 50 kwa siku, ndiyo wanaiita keto. Inashusha mizani haraka, hilo sibishi, ila kilo za wiki ya kwanza nyingi ni maji tu maana kila gramu ya glaikojeni (akiba ya wanga kwenye misuli na ini) mwilini inashikilia kama gramu 3 za maji, ikiisha na maji yanaondoka. Kama mazoezi yako ni kutembea au kukimbia polepole, njia hii inaweza kukufaa, mwili unazoea kuchoma mafuta baada ya wiki kadhaa, we ongeza chumvi na maji tu usije ukapata kizunguzungu.

Njia ya pili ni gramu 100 hadi 150 hivi, na sehemu kubwa unakula masaa machache kabla ya mazoezi na baada ya hapo. Mimi naipenda hii, nasema wazi. Ukinyanyua vyuma au ukipiga sprinti (mbio fupi za kasi) misuli inataka glaikojeni, mafuta hayatoi nguvu kwa kasi hiyo, ndo maana mtu wa keto anaishiwa nguvu seti ya tatu anadhani ni mvivu kumbe tenki liko tupu jamani! Siku ya kupumzika unapunguza wanga tena.

Kupungua uzito ni taratibu zaidi, sawa, ila unaweza kula hivyo hata mwaka mzima. Protini usiipunguze, kwa njia yoyote kati ya hizi mbili. Na kama unatumia insulini au dawa za sukari, ongea na daktari kwanza kabla hujapunguza chochote.