Waya wa USB kwa printa ya zamani: Epson LX-300+ kwenye laptopu mpya, hapa Ngamiani

Watu wengi wanauliza kama nyaya hizi za kuunganisha printa ya zamani na tundu la USB zinafanya kazi kweli au ni pesa ya kutupa. Zinafanya kazi. Ila muuzaji atakukabidhi waya na kukuacha hapohapo palipo na tabu. Waya wenyewe naupa nyota nne kati ya tano. Kikaratasi cha maelekezo kilichokuja nao sikipi hata moja.

Mie ni karani kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Ngamiani, Tanga. Tunauza mabati, nondo, rangi na saruji. Kila mzigo unaotoka unaandikiwa dilivari ya nakala tatu: nyeupe ya mteja, ya pinki ya dereva, ya njano inabaki kwenye faili. Kwa hiyo wale wa "tupa hilo dude, nunua printa ya leza" wanisamehe. Leza haipigi kaboni. Kinachofika kwenye karatasi ya tatu ni pini zinazogonga utepe, na hii LX-300+ ya pini 9 ilikuwa inagonga kabla mie sijaajiriwa.

Kilichokufa ni kompyuta. Mzee, mwenye duka, akaleta laptopu nyembamba yenye Windows 11, ubavuni ina matundu mawili ya USB na basi. Printa nayo kwa nyuma ina lile tundu pana la pini 36 lenye vikamatio viwili vya chuma pembeni. Hapo ndipo ukatafutwa waya. Niliuagiza Kariakoo kwa shilingi 28,000, ukaja na basi hadi stendi ya Kange, bodaboda akanifuatia.

Kabla hujaagiza, ujue ziko aina mbili. Moja ina kichwa cha pini 36 kinachoingia printa moja kwa moja. Nyingine ina kichwa cha pini 25, na hiyo inataka uwe bado na waya wako wa zamani wa printa ili uuchomeke hapo. Picha za mtandaoni zinafanana, na wauzaji wenyewe wanazichanganya. Mie nilichukua ya pini 36, maana waya wetu wa zamani panya walishaumaliza. Chukua waya usio mrefu na uweke printa meza moja na laptopu. Ukishauchomeka, funga vile vikamatio vyote viwili. Kichwa hiki ni kizito, na printa ya pini inatikisika siku nzima. Usipofunga, ikifika mchana upande mmoja umeshachomoka kidogo na herufi zinaanza kuruka.

Sasa tabu yenyewe. Unachomeka, laptopu inalia kidogo kukubali, halafu jina la Epson halionekani popote. Kwetu ilitokea "IEEE-1284 Controller", jina ambalo halimwambii karani chochote. Fundi aliyekuja kaangalia, katikisa kichwa: "Bibie, printa imezeeka hii, haisomi. Mwambie mzee anunue nyingine." Nikamwambia, "Fundi, mbona yenyewe inachapa vizuri?" Maana LX-300+ ukiizima, ukashikilia kitufe cha LF/FF huku unaiwasha, inajichapia yenyewe ukurasa wa majaribio bila kompyuta. Ilichapa, safi kabisa, hadi nakala ya njano. Kwa hiyo mgonjwa si printa.

Ni hivi: laptopu haiioni printa, inauona waya. Ndani ya kile kichwa mna chipu inayojitambulisha kwa Windows kama kifaa cha kuchapia, na Windows inakitengenezea tundu la kufikirika liitwalo USB001. Kwetu haikwenda mbele zaidi ya hapo, haikujua nyuma ya waya kuna Epson au kuna nini. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, unaongeza wewe kwa mkono: nenda kuongeza printa, chagua kuongeza mwenyewe, chagua tundu lililopo, USB001, ndipo uchague aina ya printa. Ile sidii ndogo inayokuja kwenye pakiti iache humohumo. Laptopu haina pa kuiweka, na Windows inaitambua chipu bila hiyo.

Fundi alipoelekezwa USB001 aliweka draiva ya leza aliyokuwa nayo kwenye flashi. Epson ikatema herufi za ajabu, karatasi juu ya karatasi, hadi tukaizima. Draiva ya leza inazungumza lugha nyingine kabisa; LX-300+ inafuata amri za ESC/P, lugha ya printa za Epson. Ukitaka kujua kinachofika kwenye printa ni nini, izime, shikilia LF/FF na Load/Eject kwa pamoja, iwashe, kisha tuma kitu. Itachapa namba tupu za data inazopokea. Ukiona 1B 40 pale mwanzoni, hiyo ni amri ya ESC/P ya kuirudisha printa kwenye hali ya kuanzia, na maana yake draiva ni ya Epson na waya unafikisha ujumbe. Fundi mwenyewe alivutiwa na hili, akalipiga picha.

Baada ya hapo tulijaribu draiva ya Epson. Ikachapa, lakini polepole kama mtu anayeshona kwa mkono. Sababu ni kwamba programu yetu ya mauzo inaituma dilivari kama picha, na kichwa cha printa kinapita na kurudi kwenye mstari uleule. Dereva wa Fuso yuko nje anapiga honi, karatasi iko nusu. Dawa yake ni draiva inayokuja na Windows yenyewe, "Generic / Text Only". Hiyo inatuma herufi tu, printa inatumia mwandiko wake wa ndani, na dilivari inatoka haraka kama enzi za kompyuta ya zamani. Unakosa nembo na herufi nene. Sisi karatasi zetu zina nembo tayari kutoka kwa mpiga chapa, hatujakosa kitu. Kama yako inataka nembo ichapwe, vumilia ile ya polepole.

Ikabaki ya karatasi, na hii ndiyo iliyonichosha kuliko zote. Fomu zetu ni za kuendelea, zenye matundu pembeni, upana inchi 9.5 na urefu inchi 5.5. Printa yetu ilikuwa imepangwa ukurasa wa inchi 11, kwa hiyo kila dilivari ikifuatwa na fomu moja nyeupe inayopita bure. Fomu za nakala tatu si bei ya karatasi za kawaida, na mzee alishaanza kuziokota na kuzihesabu. Lilitatuliwa sehemu mbili. Kwanza, kwenye Windows, mipangilio ya seva ya printa, nikatengeneza ukubwa mpya wa karatasi wa 9.5 kwa 5.5. Pili, printa yenyewe iambiwe ukurasa wake una mistari 33, kwa amri ya ESC C. Inchi moja ni mistari 6, zidisha kwa 5.5 upate 33. Draiva ya herufi ina mahali pa kuandika amri za kuanzia kazi. Amri hiyo inakaa hapo. Tangu siku hiyo kila fomu inasimama pale pa kuchania.

Jirani yangu wa duka la spea naye kanunua waya kama wangu, kwake ukagoma. Yeye bado ana Windows 10 na programu ya stoo ya miaka mingi, ya enzi za DOS kabla ya Windows, ambayo haijui USB. Inatuma kila kitu LPT1, jina la tundu la printa la kompyuta za zamani. Waya huu hautengenezi LPT1. Kwake tulishirikisha printa kwenye mtandao, hata kama kompyuta ni hiyo moja, kisha kwenye dirisha jeusi la amri tukaandika net use LPT1: \\jina-la-kompyuta\jina-la-printa /persistent:yes. Ikakubali. Lakini nimemwambia asikae akijiamini. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo programu za DOS za biti 16 haziwaki humo bila programu ya kuiga DOS. Waya hauwezi kumsaidia katika hilo.

Nyota niliyoikata ni hii. Umeme ukikatika, printa inazima lakini laptopu inaendelea na betri yake. Umeme ukirudi, kazi zinakwama kwenye foleni na printa inaonyesha haipo. Mara nyingi inatosha kuchomoa USB na kuirudisha tunduni. Ikikataa, fungua huduma za Windows, tafuta Print Spooler, ile inayosimamia foleni ya kuchapa, uianzishe upya. Na ukirudisha, rudisha tundu lilelile. Mtu akifagia meza akaihamishia tundu la pili, Windows inaweza kutengeneza USB002, huku dilivari zinaendelea kwenda USB001 ambako hakuna mtu. Nimebandika selotepu nyekundu kwenye tundu letu. Karatasi nayo ikiisha, waya wangu hausemi: laptopu inasema imechapa, unageuka unakuta taa ya karatasi inawaka na dereva anakutazama.

Mzee ameupenda, sasa anataka wa pili kwa ajili ya ghala la Pongwe. Nimemzuia. Printa ya kule ni LX-300+II, hiyo tayari ina tundu lake la USB kwa nyuma pembeni ya lile pana. Nimempa dereva waya wa kawaida wa printa aupeleke na mzigo wa kesho.