Pilau au migebuka: sikukuu ya nyumbani Kigoma

Pilau ina heshima yake, lakini inamtaka mtu mzima mmoja: kukaanga vitunguu hadi viwe vya kahawia, kupima maji, kupalia makaa. Watoto huishia kuchambua mchele, kisha kila dakika wanauliza kama kimeiva.

Migebuka ya mawese, yaani samaki wa Ziwa Tanganyika waliopikwa kwa mafuta ya mawese, ni kazi ya wote. Asubuhi mnashuka pamoja mwaloni Kibirizi kuchagua samaki. Mkubwa anapara, wa kati anakamua ndimu, mdogo anamenya vitunguu huku akilia kwa raha zake. Vaeni nguo kuukuu, doa la mawese halitoki! Miba ipo, kwa hiyo mdogo mchambulie kwanza.

Mimi napika migebuka na ugali wa muhogo. Pilau italetwa na jirani, haijawahi kukosa.